Kona ya Wasomaji: Teria Wangu Wanazidi Kimo Kila Uzao

Barua za safari hii karibu zote ni za teria wa kazi, wale mbwa wadogo waliozalishwa Uingereza kwa ajili ya kuingia shimoni na kumfurusha mbweha, ambao huku kwetu wengi wamepewa kazi ya panya. Kila mwandishi ameuliza kwa namna yake, lakini swali ni lile lile: ukubwa wa mbwa hawa unarithiwaje, na mfugaji anaweza kuubadili vipi bila kuharibu ukoo?

Shikamooni wahariri. Nafuga kuku wa mayai Limuru, na panya wananimalizia chakula. Nilianza na dume wa Jack Russell mwenye kimo cha sentimita 28, miguu yake ya mbele imepinda kidogo, na jike wa sentimita 33. Sasa ni uzao wa tatu na karibu nusu ya mbwa wangu wamefika 36. Kila mara nabakiza yule mtoto mdogo kuliko wote, lakini wapi! Nakosea wapi?

Marahaba. Kosa la kwanza liko kwa huyo mtoto mdogo. Watoto wa mimba moja hawalishwi sawa tumboni. Aliyejishikiza mahali penye damu kidogo huzaliwa mdogo hata kama jeni zake za kimo ni za mbwa mkubwa. Mpime siku ya kuzaliwa ukute gramu 150 wakati kaka yake ana 220, kisha hakikisha anapata chuchu yenye maziwa; mara nyingi ikifika wiki ya nane unawachanganya. Udogo wa namna hiyo haurithiwi. Vizazi vitatu umekuwa ukichagua nafasi mbaya ya tumboni ukidhani unachagua ukoo mdogo.

Kosa la pili ni dume mwenyewe. Mbwa wa sentimita 28 mwenye miguu ya mbele iliyopinda karibu hakika ana jeni ya miguu mifupi, ambayo tumeieleza zaidi katika jibu la msomaji wa Mombasa. Kama ana nakala moja tu, nusu ya watoto wake hawaipati, nao husimama kwa urefu ambao baba yao angekuwa nao kama angenyooka miguu. Hao ndio 36 wako. Urefu huo ulikuwemo kwa baba tangu siku uliyomnunua.

Ukitaka kupunguza kimo, acha kuchagua kwa jicho, chagua kwa kipimo cha mbwa aliyekomaa. Msimamishe kwenye sakafu ya sementi kando ya ukuta, kichwa kikiwa kama anavyokibeba kila siku. Laza pima maji ya fundi juu ya mabega mpaka kitone kitulie katikati, piga alama ya penseli ukutani, kisha pima kutoka sakafuni. Rudia mara tatu uchukue kipimo cha katikati, kwa sababu mbwa akiinamisha shingo tu unapoteza sentimita nzima. Andika kimo, mzunguko wa kifua na uzito akiwa na miezi 6, miezi 12 na miezi 18. Kimo cha teria husimama mapema. Kifua huendelea kutanuka hata baada ya mwaka, kwa hiyo anayemchagua dume wa miezi 10 hajamwona bado.

Halafu tazama familia nzima. Dume wa sentimita 31 ambaye ndugu zake wote wako kati ya 30 na 32 ana thamani kuliko dume wa 30 ambaye ndugu zake ni 35 na 37. Wa kwanza anaonyesha ukoo, wa pili huenda ni bahati.

Usitegemee pia kwamba watoto watafanana kimo na wazazi uliowachagua. Tuchukulie wastani wa ukoo wako ni sentimita 35, umechagua dume na jike wenye wastani wa 31, na kwamba nusu ya tofauti za kimo kwenye ukoo huo zinatokana na jeni zinazorithiwa. Umewateremsha wazazi sentimita 4. Watoto watashuka kama 2, yaani wastani wa 33. Ukichagua jike peke yake na dume akabaki 35, unapata 34. Wengi huishia hapo wakadhani damu imekataa, kumbe inafanya hesabu yake. Vizazi vitatu vya kuchagua pande zote mbili huonekana wazi kwa macho.

Ila kabla ya kuanza safari hiyo, shuka bandani na tepu. Hakuna teria anayeingia kwenye tundu la panya. Anafukua, anavizia mlangoni, anapenya chini ya sakafu ya mbao na kati ya magunia. Kinachomzuia hapo ni kifua. Kifua cha mzunguko wa sentimita 42, kikiwa na umbo la yai, kina kimo cha takribani sentimita 15. Kama nafasi chini ya banda ni sentimita 18, mbwa wako wa 36 mwenye kifua chembamba anapita kwa kujikunja, na wa 28 mwenye kifua kama pipa anakwama. Na tafadhali, ondoa sumu ya panya inayozuia damu kuganda. Mbwa anayekula panya waliolishwa sumu hiyo anavuja damu kwa ndani, na jike mwenye mimba ndiye wa kwanza kukupotea.

Naishi Leeds. Vitabu vya teria vinataja inchi 14 kila mahali, lakini wazee wa kazi hapa hawapimi urefu, wanamshika mbwa kifuani kwa mikono miwili. Wanatafuta nini?

Wanatafuta kile kisichokunjika. Shimoni miguu hukunjwa, mbele na nyuma, na shingo hunyooka. Mbavu hazina pa kwenda.

Namna ya kushika ni hii: piga goti nyuma ya mbwa, inua miguu yake ya mbele kidogo kutoka ardhini, zungusha viganja nyuma tu ya viwiko, vidole gumba vikutane mgongoni na vidole vingine chini ya kifua. Mtu mzima mwenye mikono ya kawaida avigusanishe. Kisha bana taratibu. Mbavu nzuri zinabonyea na kurudi. Zinazokataa kama mtungi ni za mbwa atakayekwama, hata kama mzunguko wake ni mdogo. Rudia mbwa akiwa hajala, na akiwa hajanenepa, maana mafuta yanadanganya mikono. Kigezo cha kimataifa cha Jack Russell kinataka mzunguko wa sentimita 40 hadi 43 kwa mbwa wa kimo cha 25 hadi 30, na uzito wa kilo moja kwa kila sentimita 5 za kimo. Kigezo cha Border Terrier kinataja wazi kwamba mbwa ashikike kwa mikono miwili nyuma ya bega. Wajerumani kwa Jagdterrier, teria wao wa kuwinda, wanaweka hesabu: mzunguko wa kifua uzidi kimo kwa sentimita 10 hadi 12, basi.

Hizo inchi 14, kama sentimita 36, zinarudi kwa John Russell, ambaye Jack Russell amepewa jina lake, mchungaji wa kanisa la Swimbridge huko Devon. Mwaka 1819, akiwa mwanafunzi Oxford, alinunua jike mweupe aitwaye Trump kutoka kwa muuza maziwa, akaanzisha ukoo wake hapo. Ukubwa wa Trump ulilinganishwa na wa mbweha jike mzima, na miguu yake ilikuwa imenyooka. Devon teria alikimbia na mbwa wa msako kutwa, kwa hiyo alihitaji miguu. Milima ya Lake District watu walifuata msako kwa miguu na mbweha alijificha kwenye mianya ya mawe, ndiyo maana teria wa huko, Lakeland na Patterdale, wana kifua chembamba na moyo wa kupanda. Pale teria alipobebwa kwenye mfuko juu ya farasi hadi mlangoni mwa shimo, miguu mifupi haikuwa tatizo. Kazi tatu, mbwa watatu, na kifua chembamba kwa wote.

Uangalifu mmoja: usibane kifua kwa upana tu kizazi baada ya kizazi. Moyo na mapafu vinahitaji nafasi, na teria mzuri huipata kwa mbavu zilizokwenda nyuma. Ukimtazama kwa juu awe mwembamba, ukimtazama kwa ubavu awe na mbavu ndefu.

Kwa kuwa uko Uingereza, unajua kwamba tangu Februari 18, 2005 kuwinda mbweha kwa mbwa kumepigwa marufuku England na Wales, isipokuwa kwa masharti machache. Shimoni anaruhusiwa mbwa mmoja tu, kwa ajili ya kulinda ndege wa kuwindwa, na ruhusa ya mwenye ardhi iwe ya maandishi. Panya wako nje ya marufuku hiyo.

Mimi ni wa Mombasa. Jike wangu ni aina ya Parson, miguu mirefu, sentimita 34. Jirani ana dume mwenye miguu mifupi, 26. Nikiwapandisha nitapata watoto wa 30?

Hapana. Urefu wa kawaida wa mbwa unatawaliwa na jeni nyingi ndogo ndogo, na hizo kweli huchanganyika kama maji ya moto na baridi. Miguu mifupi ni jambo jingine. Inatokana na nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, iliyojipachika kwenye kromosomu ya 18 ya mbwa. Watafiti waliieleza mwaka 2009. Nakala moja inafupisha miguu, mbili zinafupisha zaidi. Dume wa jirani akiwa nazo mbili, watoto wako wote watapata moja na wote watakuwa na miguu iliyofupishwa. Akiwa na moja, nusu watakuwa wafupi na nusu watasimama mrefu kama mama yao, tumbo moja.

Wale wafupi usiwaite mbwa wadogo. Kifua ni kile kile cha mbwa wa kimo cha sentimita 34, kimeshushwa karibu na ardhi. Umepunguza kimo, hukupunguza mbwa.

Ipo pia nakala nyingine ya FGF4, kwenye kromosomu ya 12, iliyoelezwa mwaka 2017. Hii tunaiogopa. Inakakamaza diski za uti wa mgongo mbwa akiwa bado kijana. Diski ikipasuka inabana uti, na mbwa aliyeruka kutoka kwenye kochi asubuhi anaburuta miguu ya nyuma jioni. Nakala moja inatosha kuongeza hatari. Imeonekana kwa baadhi ya Jack Russell, hivyo mwambie jirani achukue kipimo cha DNA, kile cha kusugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, kabla hamjapandisha. Kama kromosomu ya 12 ina dosari, mwache huyo dume hata kama ni bure.

Naishi Hamburg na ninaye Jagdterrier. Nasikia aina hii ilizalishwa kwa kupandisha ndugu kwa ndugu. Je, nami nikipandisha baba na binti, si nitaushika ukubwa ninaoutaka upesi?

Utaushika, pamoja na kila kitu kingine kilichojificha humo.

Historia yenyewe ni kweli. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Walter Zangenberg na wenzake walianza na watoto wanne wa Fox Terrier wenye rangi nyeusi na hudhurungi, wakawazalisha kwa ukaribu mkubwa. Lakini soma sehemu ya pili: rangi ilishika, ila ilibidi waingize damu ya teria wa zamani wa Kiingereza wenye manyoya magumu na ya Welsh Terrier ili kuujenga ukoo wa kazi. Klabu yao iliundwa 1926.

Hesabu ya undugu ni hii, kama mababu wengine hawajirudii: baba na binti, au kaka na dada, asilimia 25, ndugu wa mzazi mmoja 12.5, binamu wa kwanza 6.25. Hiyo ndiyo nafasi kwamba mtoto amepokea jeni ile ile mara mbili kutoka kwa babu mmoja. Dalili za kuzidisha zinaanza kimya: watoto sita wanakuwa wanne, kisha watatu, wengine wanakufa wiki ya kwanza, dume anapanda bila kutia mimba.

Kwa teria kuna ugonjwa mmoja unaofaa kukufanya usubiri: lenzi ya jicho kung'oka mahali pake, kutokana na dosari ya jeni ADAMTS17. Ni jeni fiche: huugua mwenye nakala mbili zenye dosari, na mwenye moja tu huitwa mbebaji. Mbebaji kwa mbebaji, robo ya watoto wanategemewa kuugua. Mbebaji kwa msafi, hakuna anayepata nakala mbili, ila nusu watakuwa wabebaji. Huanza mbwa akiwa na miaka 3 hadi 8, yaani baada ya dume kusambaza watoto mtaa mzima. Wala usidhani kuchanganya na teria wa aina nyingine kunakuokoa, kwani dosari hiyo hiyo imo kwa Jagdterrier, Jack Russell, Parson, Lakeland, Patterdale, Norfolk na Sealyham. Pima kwanza, changanya baadaye.

Ukitaka kushusha ukubwa bila kubana damu, mfano mzuri ni wa Sir Jocelyn Lucas. Yeye alifuga Sealyham wa kazi, akaona mbwa wa maonyesho wamekuwa wazito mno kwa shimo. Katika miaka ya 1940 aliwapandisha na teria mdogo wa aina ambayo leo inaitwa Norfolk, na kutoka hapo akatokea Lucas Terrier. Udogo aliutafuta kwenye ukoo ambao tayari ulikuwa umeshika udogo.

Mtego wa njia hii uko kizazi cha pili. Mchanganyo wa kwanza hutoka sawa sawa, watoto wote wanalingana, na mfugaji anafurahi. Ukipandisha hao wao kwa wao, wajukuu wanatawanyika: mmoja kama babu, mwingine kama bibi, wengine katikati. Usiuze wala kuchagua kizazi cha kwanza ukadhani kazi imekwisha. Panga kabisa kwamba utafuga wajukuu wengi hadi miezi 12, uwapime, ubakize wachache. Asiye na nafasi ya kuwafuga asianze.

Kuna kipimo cha DNA cha ukubwa wa mbwa. Nikinunue? (Msomaji, Kampala)

Kwa ukoo wa teria, hapana. Jeni inayotajwa sana ni ile inayohusiana na IGF1, homoni ya ukuaji wa mwili. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba badiliko moja pale linaeleza takribani asilimia 15 ya tofauti za ukubwa kati ya aina za mbwa, na kwamba toleo lake linaloleta udogo lilikuwepo tayari kwa mbwa mwitu wa Siberia miaka 54,000 iliyopita. Ni jambo la kuvutia. Lakini mbwa wa chini ya kilo 15 kwa kawaida wana nakala mbili za toleo hilo la udogo, kwa hiyo teria wako wa 31 na wa 36 watatoa jibu moja. Pesa hiyo peleka kwenye kipimo cha lenzi na cha kromosomu ya 12.

Nikimpunguzia mtoto chakula, si atabaki mdogo? (Msomaji, Dodoma)

Usifanye hivyo. Atakuwa na mifupa dhaifu na minyoo itammaliza, na watoto wake watarudi kimo kile kile cha ukoo. Mlishe mpaka mbavu zipapasike kwa vidole bila kuonekana kwa macho.

Jike wangu hapa Arusha ana sentimita 29 na kilo 5.5. Dume ninayemtaka ana 35 na kilo 8. Nasikia jike atashindwa kuzaa. Ni kweli?

Si lazima, lakini woga wako una msingi. Ukubwa wa mtoto anapozaliwa unazuiwa sana na nafasi na damu ya mji wa mimba wa mama. Mwaka 1938 watafiti Walton na Hammond walipandisha farasi wakubwa wa Shire na wadogo wa Shetland pande zote mbili. Watoto wa mama wa Shetland walizaliwa wakilingana na Shetland, ingawa baba alikuwa jitu. Hatari ya jike wako ni nyingine mbili. Moja ni mimba ya mtoto mmoja au wawili: wanapata chakula chote, wanakua kupita njia. Ya pili ni kichwa. Dume mwenye damu ya Bull Terrier ana fuvu pana, na fuvu halibonyei kama tumbo. Kwa jike anayezaa mara ya kwanza tungetafuta dume asiyemzidi zaidi ya sentimita 3, mwenye kichwa chembamba, ambaye tayari watoto wake wamezaliwa bila kisu. Huyo wa 35 mwache; hata uzazi ukienda vizuri, watoto watakupandisha kimo.

Usimpandishe kabla ya joto la pili, yaani msimu wake wa pili wa kutaka dume, na awe amefika kama miezi 18. Daktari wa mifugo akipima projesteroni kwenye damu utajua siku ya yai kutoka, na kuzaa ni siku 63 baada ya hapo, kupishana siku moja au mbili. Ukihesabu kutoka siku ya kupanda unaweza kupotea wiki nzima. Siku ya 55 na kuendelea piga eksirei uhesabu vichwa. Akionekana mmoja mkubwa, panga na daktari mapema, usingoje usiku wa Jumapili. Usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba. Vinaulemaza mwili wake usijue kutoa kalsiamu mifupani, na wiki ya pili ya kunyonyesha anaanza kutetemeka na kukakamaa.

Kuanzia siku ya 58 mpime joto asubuhi na jioni. Kawaida ni kama 38.3, likishuka chini ya 37.2, uzazi huwa ndani ya saa 24 hivi. Mpeleke kwa daktari akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto kutoka, zikipita saa mbili bila mtoto na unajua wamebaki, au ukiona uchafu wa kijani kibichi kabla ya mtoto wa kwanza.

Wakizaliwa, mizani ya jikoni inayosoma gramu ndiyo kifaa chako kikuu. Mfunge kila mtoto uzi wa rangi yake, pima kila siku saa ile ile. Aliyezaliwa na gramu 180 awe karibu na 360 akifika siku ya kumi. Asiyeongezeka kwa saa 24 baada ya siku ya kwanza, mweke kwenye chuchu za nyuma, ambazo huwa na maziwa mengi, wenzake wakiwa wamelala, na umrudie kila saa mbili.